Chekechea: asubuhi tu au kutwa?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwanangu ana miaka 3 na miezi 8. Amepata nafasi katika shule ya awali ya serikali, nasi tuchague kutwa au asubuhi tu. Sote wawili tunafanya kazi, ila mama mkwe yuko tayari kumpokea mchana. Mume wangu anasema kutwa atajifunza zaidi. Nimekwama.

JIBU: Marahaba mwanangu. Je, bado analala mchana? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mchana ukiwemo. Niliwahi kufundisha mmoja wa kutwa. Ikifika saa nane ameshika kiatu kimoja mkononi, analia, wala hajui anacholilia. Tukamwita mkorofi, masikini, kumbe usingizi. Tulipomtandikia mkeka pembeni, kilio kikaisha.

Basi nenda ukaione shule saa nane mchana, siyo asubuhi wakati kila mtu ana nguvu. Tazama pa kulala, walimu wangapi wamebaki, na kama watoto wanacheza au wamekalishwa tu. Kumkaririsha herufi mtoto aliyechoka hakumfundishi kitu. Hapo mumeo namkatalia. Lakini kama mama mkwe hana tena nguvu za kumkimbilia, kutwa haina ubaya. Mimi ningeanza na asubuhi. Uliza kwanza kama wanaruhusu kubadilisha katikati ya mwaka, maana nafasi za kutwa zikijaa, ndiyo basi.