Jibu: Mshahara wa laki sita unaisha katikati ya mwezi, nitaweka vipi akiba?

Mkuu, ukisubiri kuweka kile kitakachobaki, hakitabaki. Nenda benki yako ujaze fomu ya kuhamisha fedha kila mwezi, ili siku mshahara unapoingia elfu 50 iende akaunti nyingine ambayo haina kadi na haijaunganishwa na simu yako. Kama kazini kwenu kuna SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ni bora zaidi. Unakatwa kabla hujaishika hela, na ukipata shida unakopa kwa dhamana ya akiba yako mwenyewe. Hawa wakopeshaji wa kwenye simu, wanaowapigia ndugu zako wote ukichelewa kulipa, waepuke kabisa. Nimeona familia zikigombana kwa ajili yao.

Akiba ikikua kidogo, angalia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya Tanzania inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko huo, ukihitaji unaviuza, na hela inakufikia baada ya siku chache za kazi. Huko kusubiri kunasaidia sana, kwa sababu hamu ya kununua simu mpya mara nyingi hupoa.

Hujagusia kodi ya nyumba, na naamini ndiyo inayokumaliza. Mwenye nyumba akitaka miezi sita kwa mpigo kwa elfu 80 kila mwezi, hiyo ni 480,000. Anza kutenga elfu 80 kila mwezi kuanzia siku unayolipa.

Michango ya harusi nayo itengee kiasi chake. Kikiisha, mwambie mtu mapema kwamba mwezi huu huna.