Kilabu kikifungwa mtafute aliyekua anapika, mnywaji atakudanganya tu

Mi ni mtoto wa Chang'ombe, Dodoma hii hii, na tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 alafu 2018 tukatangazwa jiji, vilabu vya ujimbi, ile pombe ya mtama ya Wagogo, nilivyokua navijua toka utotoni vimeisha kimoja kimoja kama meno ya mzee. Hakuna aliyevifunga kwa ubaya. Kiwanja kimepimwa, bei imepanda, mwenye banda kauza kaenda Nkuhungu au Veyula huko, banda limevunjwa asubuhi na jioni lori la mchanga limeshamwaga.

Sasa miaka kadhaa nyuma nikaamua nivikumbuke vyote niandike kwenye daftari. Nikakosea kuanzia siku ya kwanza, ndo maana naandika hapa, kama na wewe unataka kufanya hivyo kwenu Kongwa au Mpwapwa au popote usirudie ujinga wangu.

Kosa langu nilianza na wazee wanywaji. Yani unakaa nao, unawanunulia, story zinakua tamu kweli, lakini ukija kusoma ulichoandika unakuta ni nani alipigana na nani na nani alilala mtaroni. Pombe yenyewe kila mmoja anakwambia "ilikua kali" basi. Kilabu kimoja nimepewa sehemu tatu tofauti na watu watatu waliokua wanakunywa meza moja!

Nikaenda kwa shangazi yangu, amepika ujimbi miaka mingi sana. Nikamsomea daftari langu akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia mwanangu hapa umeandika walevi, pombe iko wapi?

Siku hiyo akanionyesha kimea. Alikua ameloweka mtama usiku mzima, akauchuja akaufunika na gunia bichi pembeni ya jiko siku kama tatu hivi mpaka ukatoa vijimkia vyeupe, alafu ukaanikwa. Akachukua punje moja akaing'ata na meno ya mbele, ikasema ka! akanipa na mimi ning'ate. Tamu kidogo, kama mkate. Akasema ikinyauka mdomoni bila kulia bado ina maji, ukiisaga itaozea kwenye debe. Hamna mlevi hata mmoja aliyewahi kuniambia hilo.

Na kingine, kile kibuyu chake cha kuchachushia hakioshwi na sabuni, kinasuuzwa maji tu kinageuzwa juani, maana ile chachu ya pombe iliyopita inabaki ndani na ndo inayoamsha pombe mpya. Sa hivi fikiria, mama akihama akatupa kibuyu ametupa na ladha ya kilabu chake, hata akipika tena kwingine haitakua ile ile. Kwahiyo ukienda usiulize tu kilabu kilikua wapi, uliza vyombo viliishia wapi.

Nenda siku ya kusaga au kupika, usiende siku ya kuuza. Siku ya kuuza mama ana wateja, ana madeni ya kudai, hana muda na wewe. Salimia kama mtu, mbukwa kwanza, kama hujui Kigogo basi shikamoo, alafu shika kuni au mwiko. Ukikaa tu na simu mkononi atahisi umetumwa na watu wa leseni na atanyamaza, mi imenikuta.

Miaka usiulize moja kwa moja. Ukisema "kilifungwa mwaka gani" utapewa mwaka wowote ili uondoke. Uliza mtoto gani alikua mgongoni, ilikua kabla au baada ya viroba, zile pombe kali za pakiti, kupigwa marufuku (hiyo ni Machi 2017, una uhakika nayo). Wagogo toka zamani wanahesabu kwa njaa, mpaka leo Mtunya, ile njaa ya vita ya kwanza ya dunia, inatajwa na watu ambao hata babu zao walikua watoto.

Mtu ataniuliza kwanini nisiandike viwanda vikubwa. Vile vina watu wa kuviandika bwana. Kibo Breweries pale Moshi iliposimama 2002, wakubwa wa bia walipogawana masoko, ilitangazwa. Hata DOWICO yetu ya mvinyo wa zabibu ilikufa lakini jina lake bado liko vichwani mwa watu. Kilabu cha mama hakina chupa wala lebo, kinabaki machicha na nguruwe wanakula.

Alafu kuhusu kurekodi: mi nilimrekodi shangazi saa nzima, simu ikaibiwa sokoni Majengo wiki ile ile, nikabaki na kurasa mbili tu za kalamu. Nilivyorudi kumwomba aseme tena akanikatalia, akasema maneno yameshapoa, njoo na mtama wako debe moja tupike, utaandika huku unakoroga.

Debe nimeshanunua, liko kona ya sebule, mke wangu ananiuliza kila siku hili linatoka lini. Jumamosi hii.