Barua kwa mwanangu: Paa wa Darai, afe asife?

Mwanangu Zuhura,

Salaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo, hofu ni juu yenu. Goti la mama yako limetulia, na mvua za vuli zimetung'olea bati moja la jikoni, ila fundi ameshakuja. Ujumbe wako niliusoma kimyakimya, kisha nikamsomea mama yako kwa sauti akiwa kwenye mbuzi anakuna nazi, na tangu hapo humu ndani hatujakubaliana.

Unasema Twaha kapewa kazi ya likizo, aandike ngano moja kwa maneno yake mwenyewe. Kachagua ya Sultani Darai, yule Maskini Hamdani aliyetajirishwa na paa wake, ile niliyomsimulia mlipokuja sikukuu. Sasa kafika mahali paa anaugua, kaweka kalamu chini, analia. Anataka aandike kwamba paa alipona. Nawe unaniuliza: umwache abadilishe mwisho, au umwambie ngano za wazee hazibadilishwi?

Kwanza nami nikuulize. Hiyo kalamu ilikuwa mkononi mwa nani? Nakujua, mama. Umemkalisha mezani, yeye hajamaliza nusu ya sentensi, wewe umeshaona herufi ndogo panapotakiwa kubwa. "Futa." Anafuta. "Siyo 'akaendaga', ni 'akaenda'. Futa." Karatasi inatoboka, na paa wa watu bado yuko njiani, kwa sultani hajafika. Msimamo wangu unaujua tangu ukiwa na mapengo: mdomo kwanza, kalamu baadaye.

Asimulie mpaka hadithi imzoee. Akusimulie wewe ukiwa unachambua mchele, maana mtoto akikodolewa macho huanza kusema anachodhani unataka kukisikia. Kesho yake amsimulie mdogo wake, ambaye atamkatiza kila mara: paa anaongeaje? Kwa nini Hamdani hana nguo? Maswali hayo ya mdogo mtu yanaitengeneza hadithi kuliko kalamu nyekundu ya mwalimu yeyote. Baada ya hapo achore: jaa, almasi, nyoka wa vichwa saba, na vichwa vyote aviweke. Chini ya kila picha aandike maneno mawili matatu. Akichoka, mwandikie wewe, lakini uandike alivyosema. Akisema paa "akaenda, akaenda, akaenda", ziandike zote tatu. Safari ni ndefu, na ndivyo bibi yako alivyokuwa akiisema. Herufi kubwa na nukta zingoje siku ya kunakili safi.

Mama yako amenisikia nikiyasoma haya akanikatiza. Anasema wewe mwenyewe ulikuwa husimulii. Kweli. Ndugu yako Shabani ndiye aliyekuwa na mdomo; wewe ulikaa nyuma ya mlango wa uani na kijitabu chako, hadithi tunaikuta imeshaandikwa na hakuna aliyeisikia. Kwa hiyo huenda wapo watoto ambao kwao ni kalamu kwanza. Nimelifikiria hilo tangu alasiri. Lakini hata wewe ulipokuwa ukiandika, midomo ilikuwa inacheza. Nilikuwa nakuona. Basi mdomo kwanza.

Vile vijitabu bila shaka unavikumbuka. Kiwandani, tukishakata karatasi, vilibaki vipande vyembamba vya pembeni, vingine vya rangi ya waridi vilivyotoka kwenye stakabadhi, na msimamizi alikuwa akiniruhusu kuvichukua. Nilivikunja katikati, nikatoboa matundu kwenye mkunjo kwa msumari, nikashona kwa uzi wa gunia. Kitabu cha kiganja, kurasa chache, mtoto anakimaliza siku hiyohiyo na kujiona mwandishi. Daftari kubwa la shule linatisha. Kurasa zote zile nyeupe zinamtazama mtoto kama zinamdai.

Na kama Darai imemwelemea, aiweke pembeni kwanza, umpe ya Goso mwalimu. Buyu limemwangukia Goso, kafa, wanafunzi wanamtafuta muuaji. Wanaukamata upepo wa kusi, nao unajitetea: ningekuwa mimi, ningezuiwa na kiambaza? Kiambaza nacho: ningekuwa mimi, ningetobolewa na panya? Wanaendelea hivyo kwa paka, kamba, kisu, moto, maji, ng'ombe na inzi, mpaka wanamfikia paa, ambaye hana la kujitetea. Mtoto akishaushika mtindo huo hapotei tena. Kazi yake ni kubadilisha tu aliyekamatwa. Shabani aliandika yake wakati ule wa giza: umeme, ningekuwa mimi, ningekatwa na mgao? Mgao, ningekuwa mimi, ningeletwa na ukame? Ukame, ningekuwa mimi, ningefukuzwa na mvua? Mvua, ningekuwa mimi, ningezuiwa na mwavuli wa mwalimu mkuu? Na mwalimu mkuu akakosa la kujitetea. Mama yako aliweka ungo chini, akacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Sasa nimemtaja mwalimu mkuu, sina budi nimmalize, maana yule mtu amenikaa kooni.

Ulikuwa darasa la pili, kama Twaha. Siku ya wazazi shule iliomba mzee mmoja aje kuwasimulia watoto, nikampeleka bibi yako. Alivaa kanga mpya, akakataa kiti, akaomba mkeka. Alisita kidogo kwa kuwa ilikuwa mchana. Kwake hadithi ni za usiku, ukisimulia mchana unaota mkia. Ila aliposema "Paukwa!" uwanja mzima ukaitika. Hamdani akachakura jaani, akaokota thumuni, akanunua paa. Paa akapeleka almasi kwa sultani, akamposea bwana wake binti, akampa na jina, Sultani Darai. Akamuua nyoka wa vichwa saba, akamtwalia bwana wake nyumba yake. Kisha paa akaugua, na yule bwana aliyepewa kila kitu akasema: mpikieni uji wa mtama. Hapo bibi yako huwa anashusha sauti. Watoto walinyamaza kiasi kwamba nilisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti.

Mwalimu mkuu akasimama, akatazama saa. "Asante sana bibi. Haya watoto, hadithi hii inatufundisha nini?" Kidole kikapanda: inatufundisha tusiwe wachoyo. "Safi sana. Mpigieni makofi ya kilo." Wakapiga. Mgeni rasmi akakaribishwa.

Bibi yako alikung'uta kanga yake, akaondoka. Njia nzima, mpaka barabara ya nane, hakusema kitu. Kufika mlangoni ndipo aliposema, "Nimemwacha paa wa watu hajafa." Usiku akawaita ninyi na watoto wa jirani, akaimalizia kuanzia kwenye uji. Paa akafa, akatupwa kisimani, mke wa Darai akalia, mji ukalia. Darai akalala sultani, akaamka Maskini Hamdani, yuko jaani anachakura. Hakumuuliza mtu imemfundisha nini. Akawaambia mkalale.

Mtu mzima, mgeni wao, wanamkata maneno mbele ya wajukuu zake kwa sababu ya ratiba! Nimtetee kidogo yule bwana: mgeni rasmi alikuwa anasubiri, na hilo swali la funzo si yeye aliyelizua, lipo kwenye mitihani, hata Twaha ataulizwa. Haya, nimemtetea, yatosha. Nikipita pale shuleni mpaka leo sisalimii geti.

Ndiyo maana ukiniambia habari ya kugusa mwisho wa Darai, natoka jasho. Na mwisho ule si wa bibi yako peke yake. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyeishi Unguja, alizikusanya hadithi za wasimulizi wa pale, zikachapwa London mwaka 1870. Darai imo, paa anakufa, na jaa lipo palepale. Wafaransa nao wana ya kwao, iliyoandikwa na Charles Perrault mwaka 1697. Huko ni paka aliyevaa mabuti. Anamfanyia kijana maskini mambo yaleyale: anapeleka zawadi kwa mfalme, anamzulia bwana wake cheo, anamdanganya jitu ajigeuze panya, anamla, na ngome inakuwa ya bwana wake. Yule paka hafi. Anakuwa mkubwa wa watu, na panya anawakimbiza kwa kujifurahisha tu. Twaha ameshamwona paka huyo kwenye katuni, usinifiche. Basi jioni moja msimulie wote wawili, paka na paa, halafu umuulize kwa nini wa Wafaransa kapona na wa kwetu kafa. Usimsaidie kujibu. Atakachosema kiandike nyuma ya karatasi, huenda ndicho kikawa insha yake.

Mimi naona hivi. Paa asipokufa, Darai hana kosa. Atakuwa mtu aliyempa mgonjwa uji, mgonjwa akapona. Hata uji wa mtama utaonekana dawa! Hadithi nzima inasimama juu ya bakuli lile, ukilisogeza inaanguka.

Halafu najiuliza. Mtoto wa miaka saba amefika kwenye bakuli lile akalia. Si kaelewa kuliko uwanja mzima uliopiga makofi? Anapotaka kumponya paa si kwamba hajui kinachokuja. Anajua, ndiyo maana ameweka kalamu chini. Na bibi yako mwenyewe, Mungu amrehemu, sitamficha: usiku ule Shabani alipokuwa na homa kali ya malaria, mnakumbuka tulivyohangaika, alikaa naye kitandani akamsimulia Darai, na usiku ule paa hakufa. Niliisikia kwa masikio yangu nikiwa nyuma ya pazia. Darai alimchukua paa mwenyewe, akamlaza kwenye godoro lake, akamlisha wali wa maziwa kwa mkono. Asubuhi nikamuuliza, mama, mbona? Akaniambia nikatazame kama maji yamechemka.

Kwa hiyo aliyenifundisha kwamba mwisho hauguswi aliugusa, na mimi nikabaki na msimamo wake kuliko yeye mwenyewe. Hilo silipendi, lakini ndilo lililopo.

Jibu ninalo, mwanangu. Liko hapa ulimini, na ungekuwa umekaa barazani ningekwambia kabla kahawa haijapoa. Lakini mama yako ameniapiza nisikuamulie. Anasema Twaha ana mama, na mama wa Twaha si wewe wa darasa la pili. Haya, sisemi. Nasema jambo moja tu: akimponya paa, aandike pia Darai alifanya nini siku paa aliposimama tena mlangoni akamtazama. Aliona haya? Alimkimbia? Alimwagiza aende kumtafutia almasi nyingine? Hapo asiparuke. Huko si kuamua, ni kuuliza.

Na mwalimu wake akiandika kwa wino mwekundu kwamba mwisho si huo, usiende kugombana naye. Nakuja Februari, niachie mimi.

Dereva wa basi la Jumamosi nimempa bahasha. Ndani kuna vijitabu, nimevishona wiki hii kwa karatasi za kalenda ya mwaka jana, upande mmoja uko wazi. Mikono siku hizi inatetemeka, kwa hiyo mishono mingine imekwenda upande, asicheke. Kimoja ni cha mdogo wake, hata kama hajui kuandika, achore. Mama yako ameongeza karanga za kukaanga, hizo ni zako. Akimaliza kuandika nataka nikione chenyewe, siyo picha ya simu, na tafadhali usimnakilie.

Wasalimie wote, na mumeo.

Baba yako