Mwanangu, huyo si Mwingereza

Mwanangu Neema,

Hatujambo, ila mvua zimechelewa. Unauliza mbona mama mwenye nyumba wako huko Glasgow alinuna ulipomwita Mwingereza, na pasipoti yake ni ya Uingereza. Kosa ni la Kiswahili chetu pia: England tunaiita Uingereza, na dola nzima tunaiita hivyo hivyo. Lakini Glasgow iko Uskoti, nchi nyingine ndani ya dola hiyo, na huyo ni Mskoti.

Mwaka 1603 Malkia Elizabeth alifariki bila mtoto, na James, mfalme wa Uskoti, akarithi kiti cha enzi cha England. Akataka nchi ziwe moja. Bunge la England liligoma, naye mwaka 1604 akajitangaza mwenyewe Mfalme wa Britania Kuu, akatoa na sarafu ya dhahabu yenye maneno ya Kilatini kutoka Ezekieli 37:22, fungu unalolijua: nitawafanya kuwa taifa moja. Mwaka 1606 akaamuru meli zipandishe bendera yenye misalaba ya pande zote mbili. Manahodha wa Uskoti wakaja juu: mbona msalaba mwekundu wa wenzetu umelala juu ya wetu mweupe? (Sisi wa Muungano wa 1964 tusiwacheke sana.)

Muungano wenyewe ulikuja 1707, na hapakuwa na mahaba. Waskoti walikuwa wamezamisha akiba zao katika koloni la Darien, huko Panama, likafa kwa maradhi na njaa. England ikakubali kutoa pauni 398,085, sehemu yake wakalipwa wenye hisa wa Darien. Nayo ilitaka kumzibia njia mrithi Mkatoliki aliyekuwa uhamishoni Ufaransa. Edinburgh watu walifanya fujo barabarani, lakini bunge lao likapiga kura ya kujifuta. Kanisa na sheria zao walibaki nazo.

Uhusiano ulikolea baadaye, kwa vita na pesa. Ufaransa ya Kikatoliki ikawa adui wa wote, Waprotestanti wa kusini na kaskazini wakavaa sare moja, na makoloni yakafunguka kwa Mskoti. Pita Virginia Street hapo mjini kwenu: jina hilo ni la tumbaku ya Virginia, iliyolimwa na watumwa na kuwatajirisha wafanyabiashara wa Glasgow. Waskoti walivikwa Ubritania hivyo. Uskoti wao hawakuuvua.

Muombe radhi, mwite Mskoti. Baba yako anauliza kama lile koti linakutosha kwa baridi ya huko.

Mama