Unachagua rilei? Usikimbilie ile yenye signali kubwa

Wadau, kama projekti yako ya chuo ni redio kognitivu, yani zile redio zinazosikiliza masafa ya mtu mwenye leseni zikikuta pametulia zinapita, soma hii kabla hujaanza kuandika programu, maana mi nilipoteza wiki sita kwenye kuchagua rilei tu.

Rilei ni kile kituo cha katikati kinachopokea meseji ya mtumaji na kuipeleka kwa mpokeaji aliye mbali. Mi nilikuwa nachagua ile inayomsikia mtumaji vizuri kuliko zote. Ni sawa na kupanda daladala inayowahi Ubungo halafu ukishuka pale gari ya kuendelea hakuna. Chukua mfano, rilei A ina signali ya desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa signali) upande wa mtumaji na 6 upande wa mpokeaji, rilei B ina 12 na 11. Jicho linakimbilia A, ila meseji inapita hatua mbili, mtumaji kwenda rilei na rilei kwenda mpokeaji, na inaenda kwa kadiri ya ile hatua dhaifu, kwa hiyo A unaihesabu 6, B unaihesabu 11, B imeshinda.

Kwa mtandao wa kawaida ungeishia hapo. Ila hapa masafa si yetu! Tuseme ni ya TV, na B imekaa ukutani kwa nyumba moja Sinza, antena juu ya bati, king'amuzi sebuleni. Ili isiwakatie watu taarifa ya habari B inabidi ishushe nguvu kwa desibeli 10, yani ibaki na sehemu moja ya kumi, na ile hatua yake ya pili inatoka 11 inakuwa 1. A iko mbali na nyumba haishushi kitu, inabaki na 6 yake. Mshindi kabadilika. Kwa hiyo nguvu inayoruhusiwa kwa kila rilei ndo unaanza nayo, hatua dhaifu baadae.

Na kuna hili lilinitesa sana: nilikuwa napima umbali wa kutoka kwenye mnara wa TV, wakati anayeumia ni king'amuzi, na king'amuzi kinapokea tu hakirushi kitu, redio yako isikilize mpaka asubuhi haitakisikia. Ndo maana Marekani kwenye masafa ya TV wanatumia database, kifaa kinasema kiko wapi kinaambiwa chaneli gani na nguvu kiasi gani.

Kingine, chaneli kuwa wazi kwa mtumaji Mwenge haina maana iko wazi kwa rilei Sinza, kila kimoja kikague pale kilipo.

Halafu angalia grafu yako ya kasi ya mawasiliano dhidi ya nguvu ya kurusha. Ukizidi kuongeza nguvu inatakiwa ipande ifike mahali ilale, kwa sababu kikomo cha mwenye masafa kinaibana. Yangu ilipanda tu mwanzo mwisho na mi nikafurahi, kumbe kile kikomo nilikiandika halafu hakuna sehemu programu inakiita.