Nilinyimwa hataza na slaidi zangu mwenyewe

Jumatano usiku nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa mwaka wa nne, anasomea uhandisi wa elektroniki. "Shikamoo dada. Nimetengeneza kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto akiwa tumboni, kinachomekwa kwenye simu. Alhamisi ijayo nakiwasilisha kwenye kongamano. Naomba mbinu za kujiamini jukwaani."

Marahaba mdogo wangu, nikamjibu. Jukwaa tuliache kwanza. Umeshapeleka maombi ya hataza?

"Hataza ndiyo nini, dada?"

Ni haki ya kisheria juu ya kitu kipya ulichobuni, mtu mwingine asikitengeneze bila ruhusa yako, nikamjibu. Nikabandika maji ya kahawa, maana nilijua usingizi umekwisha.

Wengi mnaonisoma hapa mnataka siku moja mbuni kitu chenye jina lenu, kisajiliwe, kiheshimiwe. Mimi cheti changu cha hataza kimefika wiki tatu zilizopita. Kiko juu ya friji, bado ndani ya bahasha. Mume wangu anataka tukitie fremu, nami kila siku namwambia kesho. Kila nikikitazama nakumbuka kile kingine, cha kwanza, ambacho hakipo na hakitakuwepo.

Nianzie Tanga. Baba alikuwa fundi redio Ngamiani, Barabara ya 12. Nimekulia chini ya meza yake, nikinusa risasi inavyoyeyuka, nikiokota skrubu zilizodondoka. Kazi yangu ilikuwa kushika antena. Nikiishika sauti inatakata, nikiiachia redio inakoroma. "Na wewe ni antena," alikuwa ananiambia, "ila unakula ugali." Kila redio iliyoingia aliiandika kwenye kaunta buku: tarehe, ugonjwa, dawa. Nilidhani ni ushamba. Nitalirudia hilo daftari.

Miaka ya shule naipita, haina hadithi. Nikaajiriwa kwenye kampuni ya simu Dar es Salaam, kitengo cha antena. Lile boksi refu jeupe mnaloliona juu ya mnara lina antena ndogo nyingi zilizopangwa kwa safu. Ukiichelewesha hii kidogo, ukaiwahisha ile, mawimbi yanajumlishana upande mmoja na kufutana upande mwingine. Ndivyo mnara unavyomwelekea mteja wa upande huu bila kumpigia kelele wa upande ule. Kazi nzima ni kuchelewesha na kujumlisha, mengine ni mapambo.

Siku moja nikamsindikiza dada yangu kliniki, ana mimba ya miezi saba, apimwe kwa altrasaundi, ile mashine inayochora mtoto kwa mwangwi wa sauti. Mkunga akapaka jeli, akaweka probu, kile kishikio cha mashine kinachogusa tumbo, picha ikatokea. Dada akawa anatafuta pua ya mtoto. Mimi macho yakanasa kwenye mistari mitatu myeusi iliyoshuka kutoka juu hadi chini, mmoja mpana kuliko mingine, na probu ikisogezwa mistari inabaki palepale kwenye skrini. "Mashine imezeeka hiyo," mkunga akasema. Nikamwambia hapana mama, mashine nzima, ni antena zake zimekufa. Akanitazama kama aliyeletewa kichaa.

Lakini ndivyo ilivyo. Probu ya aina ile ina safu ya kristali nyembamba, mara nyingi 128, kila moja ni mdomo na ni sikio. Sauti inatembea ndani ya nyama ya mwili kwa wastani wa mita 1,540 kwa sekunde. Kwa masafa ya megahezi 5, wimbi lina urefu wa milimita 0.3, wakati wimbi la simu la megahezi 1,800 lina sentimita 17 hivi. Hesabu ni ileile, umeipunguza tu. Mwangwi ukitoka kwenye kitu kilicho sentimita 6 ndani, unafika kwenye kristali za katikati kwanza. Zile za pembeni, sentimita 2 kutoka katikati, zinaupata kwa kuchelewa mikrosekunde 2. Basi mashine inafanya kama msafara wa bwana harusi: magari yaliyowahi yanasubirishwa nje ya ukumbi mpaka la mwisho lifike, ndipo wote waingie na tarumbeta kwa pamoja. Kristali zikifa, magari yanapungua, na shangwe inaharibika mahali fulani.

Probu zinaanguka sakafuni. Nyaya zinakunjwa, panya wanazitafuna. Mpya ni maelfu ya dola, na hospitali ya wilaya haina hizo hela. Nikajiuliza: kwenye minara tukipoteza antena mbili tatu tunapanga upya nguvu za zilizobaki ili zifunike pengo. Kwa nini probu isifanye hivyo?

Nikaacha kazi. Naandika kwa maneno mawili, lakini mama hakunisemesha mwezi mzima.

Hapa ndipo niwaambie jambo la kwanza: tembea na ujuzi wako uende kwa jirani. Mbinu niliyoanza nayo, ya kuipa kila antena uzito wake, yaani nguvu ya kusikilizwa, ili kelele zifutike, aliiandika mtafiti J. Capon mwaka 1969, na hakuwa anashughulika na simu wala matumbo. Alikuwa anasikiliza mitetemo ya ardhi kwa safu ya vipimo vilivyotandazwa Montana, Marekani, ili kutofautisha tetemeko na bomu la nyuklia. John O'Sullivan na wenzake wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, walitokea kwenye falaki ya redio, kusikiliza mawimbi ya redio yanayotoka angani. O'Sullivan alikuwa ametafuta mawimbi ya mashimo meusi madogo yanayolipuka, asiyapate, lakini hesabu za kusafisha ishara hafifu zikaja kusaidia Wi-Fi isichanganyikiwe na mwangwi wa kuta. Na altrasaundi yenyewe ya wajawazito: Glasgow, katikati ya miaka ya 1950, daktari Ian Donald alikuwa anahangaika na mashine ya kutafuta nyufa kwenye vyuma. Mhandisi kijana, Tom Brown, akasikia habari zake, akampigia simu, wakaanza kazi. Makala yao na daktari mwenzao MacVicar ikatoka kwenye The Lancet mwaka 1958. Simu moja tu. Nyinyi mnaogopa hata kumsalimia daktari kwenye korido.

Sasa msidhani ukienda kwa jirani unakuta chai imeshamiminwa. Miezi minane mbinu ya Capon ilinifedhehesha. Badala ya picha kusafika, mtoto mwenyewe alikuwa anafutika! Tatizo ni kwamba kwenye simu, ishara yako na ya jirani hazihusiani. Tumboni kila mwangwi ni mtoto wa mpigo mmoja, wote wana sauti ya mama yao, kwa hiyo programu inashindwa kujua nani ni mgeni na nani ni mwenye nyumba, inawafukuza wote. Watu wa rada walishalijua hilo siku nyingi: unaigawa safu katika vikundi vinavyopandiana, unachukua wastani. Ningeuliza ningeokoa nusu mwaka. Sikuuliza, niliona aibu. Niulizeni mimi basi, siumi.

Ilipokubali, ilikubali kweli. Nilikuwa na probu kuukuu niliyopewa bure. Unanyoosha kibanio cha karatasi, unakiburuta taratibu juu ya uso wake, na skrini inawaka kila unapogusa kristali hai. Palipokufa panabaki giza. Nilihesabu 11 zilizokufa kati ya 128. Programu yangu ilizitambua zote bila kibanio, ikapanga upya uzito wa 117 zilizobaki, na mistari myeusi ikafifia mpaka ikabidi uitafute. Saa nane usiku, peke yangu, nikapiga vigelegele mwenyewe. Hakuna aliyeniambia ni wazo zuri kabla sijasema mwenyewe, na hilo sitaki kulisahau.

Mkubwa wangu wa wakati ule, kwenye taasisi niliyohamia, ambayo sitaitaja, akaniambia nikawasilishe haraka kwenye mkutano. Nikamuuliza habari za hataza. "Kizuri chajiuza," akanijibu. Nikaenda na slaidi 14. Slaidi ya 9 ilikuwa na fomula yote, nzima, na mchoro wa rangi. Watu walisimama kunipigia makofi. Slaidi zikawekwa kwenye tovuti ya mkutano siku ileile.

Kisha nikasubiri saini ya taasisi kwenye fomu ya hataza. Fomu ilikaa mezani kwa mtu, ikahamia meza nyingine, mtu akasafiri. Nilipopeleka maombi ilikuwa mwezi wa 13 tangu mkutano.

Jibu la mkaguzi lilikuwa la adabu. Alisema uvumbuzi huu si mpya kwa kuwa ulishachapishwa, na ushahidi alioutaja ulikuwa mmoja: jina langu, slaidi zangu, tarehe yangu. Nchi nyingi hazina huruma, ukishatangaza umetangaza. Marekani wanakupa mwaka mmoja tangu siku uliyojianika. Mwaka mmoja ni miezi 12. Nilichelewa kwa wiki nne.

Baadaye nikaiona mashine moja ina kitu kinachofanana sana. Siwezi kusema waliiba. Ukimwaga mahindi uwanjani, kuku wa watu wakila utamshtaki nani? Lakini siku ile sikula.

Kwa hiyo vijana, nasema na nitarudia: peleka maombi kwanza, sema baadaye. Si baada ya kongamano, si baada ya saini ya mkubwa. Tanzania unaanzia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, Kenya unaanzia KIPI, taasisi yao ya hataza. Ukitaka nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja kuna ARIPO, shirika la kikanda la haki miliki, makao yake Harare. Hataza ya ARIPO inaishi miaka 20 tangu siku ya kuomba, na kila mwaka unalipia, usipolipa inakufa kama laini ya simu. Na muwe na daftari lenye tarehe, kama la baba. Daftari halikupi hataza, siku hizi hata Marekani wanamtazama aliyetangulia kuomba. Lakini siku mtu atakaposema mlibuni pamoja, daftari litaongea. Wale wa CSIRO hataza yao ya Marekani ilitoka mwaka 1996, na kufikia 2012 walikuwa wameshavuna zaidi ya dola za Australia milioni 400. Nao walikuwa wanasayansi wanaopenda makofi kama sisi, ila fomu ilitangulia makofi. Mnaelewa? Fomu kwanza.

Hii hataza ya pili iliyofika majuzi, naikiri, ni ndogo kuliko ya kwanza. Inahusu probu isiyo na waya. Chukua kristali 128, kila moja isomwe mara milioni 40 kwa sekunde kwa biti 12: ni gigabiti 61 kila sekunde. Huwezi kuzirusha hizo kwa Wi-Fi kwenda kwenye simu ya mkunga, betri itakufa na wewe ufe nayo. Lazima kuchelewesha na kujumlisha kufanyike ndani ya probu, na mimi nimebuni namna ya kuamua kipi kitumwe na kipi kiachwe. Safari hii hata mume wangu hakujua mpaka risiti ya maombi ilipotoka. Alinuna kidogo.

Nikiwa naandika, kijana amejibu. Amewaomba waandaaji wamtoe kwenye ratiba. Wamekubali, lakini wamemwambia slaidi zilishapandishwa kwenye tovuti tangu Ijumaa iliyopita.

Nimempigia. Sauti inatetemeka. Nimemwambia afungue slaidi moja baada ya nyingine anisomee, maana kilichoanikwa ni kile ambacho mtu mwingine anaweza kukijenga kwa kuzisoma, si zaidi. Ya kwanza jina na chuo. Ya pili tatizo. Ya tatu picha ya kifaa kikiwa kimefungwa. Ya nne takwimu za vifo. Ya tano mchoro wa mzunguko.

"Mchoro una thamani za vipuri?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. Nilimsikia anavuta kiti. "Ngoja niukuze, dada."