Barua kwa mwanangu Neema: friji itengenezwe, au inunuliwe ya mtumba?

Pasua, Moshi

Mwanangu Neema,

Natumaini wewe, mkwe wangu na mjukuu wangu mko salama huko Sakina, Arusha. Sisi huku hatujambo, mvua imenyesha vizuri na migomba imeinuka.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema friji tuliyowapa siku ya harusi yenu imeacha kugandisha, kwamba fundi uliyemwita alikaa dakika kumi tu akasema kompresa imekufa na anataka shilingi 280,000, na kwamba jirani yako anakushauri uachane nayo ukachukue ya mtumba kutoka Ulaya kwa shilingi 450,000, ambayo muuzaji anasema imekarabatiwa na ina dhamana ya mwezi mmoja. Umeniuliza lipi ni la busara. Jambo hili halitoshi kwenye simu, ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Jibu langu ni kwamba usinunue, wala usimlipe fundi huyo, mpaka ujue ni kifaa gani hasa kilichokufa ndani ya friji yako. Umri wa friji si hoja kubwa kama watu wanavyodhani. Friji ya miaka tisa inaweza kuwa imeharibika kitu cha shilingi elfu kumi na tano, na ya miaka mitatu ikawa imeoza mahali pasipotibika.

Unajua ninakoyatoa haya. Miaka yote niliyofundisha, mshahara ulilisha nyumba, lakini ada zenu zilitoka kwenye barafu za ubuyu na maziwa niliyokuwa nikigandisha usiku na kuwauzia watoto wakati wa mapumziko. Friji ilipozima siku mbili, nilihesabu hasara kwa kidaftari. Kwa hiyo kila fundi aliyeingia nyumbani kwangu nilisimama nyuma yake nikauliza maswali, na wengine walinichukia kwa hilo. Mmoja wa Majengo hakunichukia, akanifundisha.

Umeandika kwamba friji inaunguruma sekunde chache, inatoa mlio wa "tik", inanyamaza, kisha baada ya dakika kadhaa inarudia tena. Maelezo hayo ni ya thamani sana, na ninashangaa fundi hakuyatumia. Kile chungu cheusi cha chuma kilicho chini nyuma ndicho kompresa, pampu inayoizungusha gesi, na ubavuni mwake kuna kisanduku kidogo cha plastiki. Ndani ya kisanduku hicho mna rilei inayoisaidia kompresa kuanza kuzunguka, na ovalodi inayokata umeme kompresa inapopata joto kupita kiasi. Huo mlio unaousikia ni ovalodi inakata. Maana yake kompresa inajaribu kuanza na inashindwa, na sababu za kushindwa ni nyingi: rilei imekufa, kapasita, yaani kifaa kidogo kinachotunza umeme, imechoka kwa friji zilizo nayo, umeme ni mdogo, au kweli kompresa yenyewe imekwama. Sababu ya mwisho peke yake ndiyo ya gharama kubwa, na fundi wako ameirukia bila kuzipitia zile nyingine.

Siku ambayo yangu ilifanya hivyo hivyo, fundi wa Majengo alichomoa friji ukutani, akafungua kile kisanduku, akaivuta rilei, akaiweka karibu na sikio langu na kuitikisa. Ikalia kama vijiti vya kiberiti ndani ya kasha. Kidonge kilichomo ndani, ambacho kinapaswa kuwa kizima na kukaa imara, kilikuwa kimevunjika vipande. Akanipa niitikise mwenyewe. Aliniwekea nyingine, friji ikawaka kabla chai haijapoa, na iliendelea kufanya kazi kwa miaka sita baada ya hapo. Mwombe fundi wako aitikise ya kwako mbele yako.

Ikiwa rilei ni nzima, kompresa ipimwe kwa mita. Ina vichwa vitatu ambako nyaya huchomekwa. Fundi apime ukinzani kati ya kila vichwa viwili, akuandikie namba tatu kwenye karatasi. Namba mbili ndogo zikijumlishwa zinapaswa kukaribia ile kubwa. Kisha apime kati ya kila kichwa na chuma cha kompresa chenyewe, na hapo pasipite kitu. Namba zikikataa kujumlika, au umeme ukivuja kwenda kwenye chuma, basi kompresa imeungua kweli na sitabishana naye. Namba zikiwa sawa, bado inaweza kuwa imekwama kwa ndani, lakini hilo analithibitisha kwa kujaribu kuiwasha kwa rilei nzima. Fundi anayekataa kupima mbele yako umshukuru, umpe nauli yake, utafute mwingine.

Angalia pia umeme wenu. Kompresa zetu zimeundwa kwa volti 230 hivi, na mtaa ukiwa na nyumba nyingi kwenye transfoma moja, jioni watu wanapopika na kupiga pasi taa hufifia na kompresa haipati nguvu ya kuanza. Ikiwa friji yako inasumbua saa moja hadi saa nne usiku na inaamka alfajiri bila tatizo, ugonjwa uko nje ya friji. Nunua friji gadi. Hukata umeme unaposhuka au kupanda mno, na umeme unaporudi husubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu, ili shinikizo la gesi ndani ya mabomba lisawazike na kompresa isianze kwa kusukuma ukuta.

Sasa nikae kidogo kwenye gesi, kwa sababu hapo ndipo akina mama wengi wanapoliwa fedha. Utaambiwa "gesi imeisha, tujaze." Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa kwenye jiko la utambi. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile iliyowekwa kiwandani, na friji nzima inaweza kuzeeka bila kuongezwa hata gramu moja. Ikipungua kuna tundu, na anayejaza bila kuziba tundu anakuuzia miezi miwili ya baridi. Kazi iliyokamilika ni kutafuta tundu kwa povu la sabuni kwenye maungio huku mabomba yakiwa na shinikizo, kuliziba, kubadilisha kile kichujio kidogo cha shaba, kuvuta hewa na unyevu wote kwa pampu, na kujaza gesi kwa kipimo cha gramu kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Kibandiko hicho ukipige picha leo. Kama kimeandikwa R600a, hiyo ni gesi inayowaka moto, na fundi asisogeze mtungi wa kuchomelea kabla haijatolewa na madirisha kufunguliwa. Kama kimeandikwa R134a haiwaki, lakini asikuchanganyie na gesi nyingine eti kwa sababu hiyo nyingine ndiyo iliyokuwamo kwenye begi lake.

Tundu likiwa kwenye maungio ya nyuma yanayoonekana, tengeneza bila wasiwasi. Likiwa kwenye mabomba yaliyozikwa ndani ya kuta za friji, chini ya lile povu gumu linalozuia joto, niruhusu nikwambie mapema kwamba friji hiyo imefika mwisho. Shangazi yako wa Kibosho alitoboa yake kwa kisu akikwangua barafu, akaitengeneza mara tatu, na fedha alizotoa zingetosha kununua nyingine na chenji ikabaki.

Kuhusu ya mtumba, sikukatazi kabisa. Lakini friji yako unaijua: unajua ilikaa wapi, ilihamishwa lini, ilianza kusumbua siku gani. Ya dukani inakuja na ugonjwa wa nyumba nyingine ambao hakuna atakayekusimulia. Nilipotaka kupanua biashara nilinunua friza ya mtumba mjini hapa, nyeupe inang'aa, ikiwa imewashwa na ina barafu ndani. Wiki ya tano ikaacha kugandisha, na dhamana ilikuwa ya wiki nne. Fundi wa Majengo alipopitisha kucha kwenye bomba, rangi ikabanduka, na chini yake palikuwa na uchomeleaji mpya: mtu alijua kuna tundu, akabandika, akajaza gesi, akapaka rangi, akaniuzia. Nililia siku hiyo, Neema, kwa sababu ile ilikuwa ada ya kaka yako.

Kwa hiyo, ikibidi kununua, usiende siku waliyokutarajia. Nenda bila taarifa, uguse kompresa kwa mgongo wa mkono, na iwe ya baridi. Kisha iwashwe mbele yako na ukae hapo saa tatu au nne, hata kama muuzaji anakasirika. Weka glasi ya maji ndani. Chukua noti ya shilingi elfu moja, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, uivute taratibu, na ufanye hivyo kuzunguka mlango wote. Inapotoka bila kukwama, mpira umechoka na baridi inakimbia hapo. Shika kuta za nje: zikitoa jasho upande mmoja tu, povu la ndani limeingia maji. Tazama maungio ya shaba, na popote palipopakwa rangi upya uulize kwa nini. Uliza pia ilitoka nchi gani. Za Ulaya na Uingereza zinapatana na umeme wetu, ila ya Marekani imeundwa kwa volti 120 na ya Japani kwa 100, na utalazimika kuiwekea transfoma inayokula umeme usiku na mchana. Ikibebwa imelazwa, isiwashwe kabla ya kesho yake, ili mafuta yaliyokimbilia kwenye mabomba yarudi ndani ya kompresa.

Na uliza vipuri. Kule Ulaya, tangu Machi 2021, sheria inawalazimisha watengenezaji wa friji kuhakikisha themostati na vitambuzi vya joto vinapatikana kwa miaka isiyopungua 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na mipira ya mlango kwa miaka 10. Natamani siku moja tupate sheria kama hiyo hapa kwetu. Kwa sasa kipuri chetu mara nyingi ni kile kilichong'olewa kwenye friji nyingine iliyokufa, na modeli ngeni ambayo hakuna mtu mwingine Arusha anayo itakukosesha mpira wa mlango.

Jirani yako ana hoja moja ya kweli, ambayo ni umeme. Friji kongwe inaweza kula uniti mara mbili ya iliyo nzima. Usikisie. Usiku mmoja zima kila kitu isipokuwa friji, andika uniti zilizobaki kwenye LUKU, na asubuhi uandike tena; zilizopungua ni za nusu siku hivi, kwa hiyo zizidishe mara mbili. Friji ya kawaida ya nyumbani iliyo nzima hutumia uniti moja hivi kwa siku, au pungufu. Ikiwa yako baada ya kutengenezwa inakula tatu, nitakuwa wa kwanza kukubali iondoke. Ila kabla ya hapo uisogeze mbali na ukuta kiasi cha kiganja na ufagie vumbi kwenye ule wavu mweusi wa nyuma, kwa maana wavu uliozibwa na vumbi hauwezi kutoa joto, na kompresa inafanya kazi bila kupumzika. Naapa hujaugusa tangu harusi.

Jambo lingine linaniuma, na sitalificha. Ukiiuza friji kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, watakata mabomba kwa msumeno na gesi yote itapanda hewani. Gesi za zamani za R12 ziliharibu tabaka la ozoni, ndiyo sababu mataifa yakakubaliana Montreal mwaka 1987 kuanza kuziacha. R134a iliyozirithi haigusi ozoni, lakini kilo yake moja inashika joto angani kama kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka mia, na ndiyo maana mwaka 2016 walikutana tena Kigali kukubaliana kuzipunguza na hizo. Sisi tunaoutazama Kibo kila asubuhi na kuona theluji inavyozidi kusinyaa hatuwezi kusema hayo ni ya wengine. Ikifa kweli, ikabidhi kwa fundi anayeweza kuivuta gesi na kuiweka kwenye mtungi, naye atanufaika na vipuri.

Umeuliza pia habari za vitu vidogo. Pasi na blenda tengeneza daima. Runinga iliyopasuka kioo iache, kwa sababu kioo ndiyo bei ya runinga yenyewe. Maikrowevu usimruhusu shemeji yako aifungue, hata ikiwa imechomolewa ukutani; kapasita yake hubaki na umeme wa kuua mtu.

Jumamosi nitapanda Kosta ya asubuhi nije. Nimeongea na fundi wa Majengo, amekubali tusafiri pamoja kwa nauli na chakula cha mchana, naye anakuja na mita, rilei mbili za kujaribia na sabuni ya povu. Maziwa ya mtoto yaweke kwenye ndoo ya maji na kitambaa kibichi juu mpaka tufike. Na hiyo friji usimpe mtu.

Mama yako